Filamu Inapokishinda Kitabu Chake

Kati yetu tunaofundisha fasihi kuna kauli inayotolewa kama hukumu isiyokatiwa rufaa, kwamba kitabu ni bora kuliko filamu iliyotokana nacho. Nimeisikia katika vyumba vya walimu hapa Mtwara, nimeisikia kwenye semina kule Lindi, na mimi mwenyewe huitumia darasani inapobidi, kwa kuwa humzuia mwanafunzi wa Kidato cha Sita asidhani kwamba kukaa mbele ya kioo kwa saa moja na nusu kunatosha badala ya kusoma riwaya nzima kabla ya mtihani. Hata hivyo, kauli yenye manufaa si lazima iwe ya kweli kila mahali. Zipo filamu zilizovipita vitabu vyake, na zipo kwa sababu zinazoelezeka.

Sababu hizo si picha nzuri, wala muziki, wala wingi wa fedha, maana filamu mbovu nazo zina vyote hivyo. Kwa maoni yangu, filamu hukishinda kitabu pale mtu fulani anapokisoma kwa makini kuliko mwandishi alivyokiandika, akaamua kisa kile hasa ni cha nani, kisha akaondoa kila kisichomhusu mtu huyo. Ndiyo maana vitabu vinavyoshindwa kwa namna hii huwa mara nyingi ni vya wastani, vyenye kisa kizito ndani yake na mzigo mwingi usiohitajika juu yake.

Watazamaji wa mabanda ya video wanalijua jambo hili bila kulisomea. Tangu enzi za mikanda ya VHS, filamu za kigeni zimekuwa zikitufikia zikiwa na sauti ya mtu anayezitafsiri na kuzisimulia juu ya sauti za waigizaji, na jina la Lufufu bado linatajwa kwa heshima na waliokua wakimsikiliza. Mtafsiri wa namna hiyo huwapa wahusika majina mapya, hueleza kwa maneno yake kwa nini adui anamchukia staringi, na pale maongezi yanapokuwa marefu mno huyafupisha kwa sentensi moja. Mtazamaji wa Chikongola, hapa Mtwara, anayelipa kiingilio katika msimu wa malipo ya korosho hamwulizi mtafsiri kama amekuwa mwaminifu kwa matini. Anachotaka kujua ni kama kisa kimenoga.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Godfather. Mario Puzo aliichapisha riwaya hiyo mwaka 1969 akiwa na madeni, na hakuwahi kuficha kwamba aliiandika ili apate fedha. Baadaye alisema kuwa kama angejua itasomwa na watu wengi kiasi kile, angeiandika vizuri zaidi. Anayeisoma leo ataelewa alimaanisha nini. Katikati ya kisa cha mzee Vito Corleone, mkuu wa familia ya wahalifu wa Mafia, na mwanawe Michael, ambacho ni kisa kikubwa kweli, riwaya inasimama ili kumfuatilia mwimbaji Johnny Fontane huko Hollywood, pamoja na matatizo yake ya sauti na ya wanawake, kwa kurasa ambazo msomaji anaona wazi kuwa hazimfikishi popote. Kisha inamfuata Lucy Mancini, hawara wa Sonny, mwana mkubwa wa Vito, hadi Las Vegas, ambako anapendana na daktari na kufanyiwa upasuaji wa maumbile yake ya siri, jambo ambalo mpaka leo sijaona lina uhusiano gani na familia ya Corleone. Sehemu hizo ziliwekwa pale ili kitabu kiuzwe, na kiliuzwa sana.

Francis Ford Coppola, aliyeiongoza filamu ya mwaka 1972 na kuandika skripti yake pamoja na Puzo mwenyewe, alizichana kurasa za riwaya, akazibandika kwenye karatasi kubwa zaidi za daftari, na pembeni akaandika kwa mkono wake nini kibaki, nini kiondoke, kila onyesho lina kazi gani na mtego wake ni upi. Daftari hilo lilikuja kuchapishwa mwaka 2016. Natamani kila mwanafunzi wangu anayelalamika kwamba uhakiki hauna faida alione, kwa sababu ule ni uhakiki wa fasihi uliozaa kazi nyingine kubwa kuliko iliyohakikiwa. Fontane amebakiziwa nafasi ndogo inayotosha kuonyesha nguvu za mzee. Lucy karibu hayupo. Kilichobaki ni baba anayetaka mwanawe mmoja asiingie katika biashara ile, na mwana anayeingia hatua kwa hatua mpaka anakuwa mkatili kuliko baba.

Ukataji peke yake usingetosha. Katika riwaya, ubatizo wa mtoto wa Connie, dada yake Michael, na mauaji ya wakuu wa familia hasimu ni mambo mawili yanayosimuliwa mbalimbali. Filamu inayasuka pamoja: Michael amesimama kanisani akijibu maswali ya padri, anamkataa shetani na kazi zake zote, na kila jibu linafuatwa na picha ya mtu anayeuawa kwa amri yake, huku kinanda cha kanisa kikiendelea kupigwa. Hakuna sentensi hata moja inayotueleza kwamba mtu huyu ni mnafiki. Vilevile katika onyesho la mgahawani, pale Michael anapokaribia kuua kwa mara ya kwanza, riwaya inatueleza yaliyomo kichwani mwake, ilhali filamu inatupa macho ya Al Pacino yakihangaika na kelele za treni zinazozidi mpaka zinafunika maneno ya anayezungumza naye.

Mwisho ndio ulionisadikisha zaidi. Katika riwaya, Kay anaupata ukweli kuhusu mumewe, anaondoka, anashawishiwa na Tom Hagen, wakili wa familia, anarudi, anaingia katika Ukatoliki, na kitabu kinaishia akiwa kanisani akiiombea roho ya Michael. Ni mwisho wenye maana, lakini unamsafisha Michael kidogo kwa kumpa mtu wa kumwombea. Filamu inaishia mapema zaidi, pale Michael anapomdanganya Kay usoni, kisha mlango wa ofisi unafungwa huku Kay akitazama kutoka upande wa pili. Tena, kile kisa cha ujana wa Vito ambacho Puzo alikiweka katikati ya riwaya, Coppola alikiondoa na kukihifadhi hadi filamu ya pili ya mwaka 1974, akakiweka sambamba na kuporomoka kwa Michael, ili mtazamaji aone baba akijenga na mwana akibomoa kwa wakati mmoja. Maudhui ni ya Puzo, ila mpangilio huo haumo kitabuni.

Baada ya hapo ni lazima nimtaje papa, kwa kuwa tunaishi pwani. Jaws ya Peter Benchley ilitoka mwaka 1974, na filamu ya Steven Spielberg ikafuata mwaka 1975. Riwaya hiyo haiamini kwamba samaki mkubwa anayeua watu katika mji wa watalii anatosha kuwa kisa. Inaongeza uhusiano wa siri kati ya mke wa mkuu wa polisi na yule mtaalamu kijana wa samaki, inaongeza meya mwenye deni kwa wahalifu, na inawafanya karibu wahusika wote wawe watu wa kuchukiza, hata Spielberg alieleza kwamba alipoisoma alijikuta akimshabikia papa. Filamu iliyafuta yote hayo. Ikabaki na watu watatu ndani ya mashua moja: askari anayeogopa maji, msomi mwenye vyombo vyake vya kisasa, na mvuvi mzee asiyemwamini yeyote kati yao. Mvuvi huyo, Quint, akapewa simulizi ambalo halimo kabisa katika riwaya, la meli ya kivita Indianapolis iliyozamishwa na nyambizi ya Wajapani mwaka 1945 na mabaharia wake kuachwa majini pamoja na papa. Robert Shaw analitoa simulizi hilo akiwa ameketi mezani usiku, karibu bila kupandisha sauti, na kuanzia hapo tunaelewa chuki yake inatoka wapi.

Bahati nayo ilichangia, na ni haki kuisema. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu alikuwa akiharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, kwa hiyo mwongozaji akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya filamu na kumwonyesha kwa ishara tu: pezi, mapipa ya njano yanayoburutwa juu ya maji, na ule muziki wa John Williams ambao hata mtoto asiyeijua filamu anaweza kuuiga. Niliwahi kuitazama na mzee mmoja wa Mikindani aliyetumia karibu maisha yake yote kwenye uvuvi. Alifuatilia kimya hadi mwisho, kisha akaniambia, “Mwalimu, papa hana kinyongo. Huyu wao ana kinyongo kama jirani mliyegombea mpaka wa mikorosho.” Alisema kweli, na Benchley mwenyewe alikuja kulitambua jambo hilo, kwani miaka yake ya baadaye aliitumia kutetea hifadhi ya papa na bahari. Papa wa uongo hata hivyo aliwafaa zaidi watu wa kweli waliowekwa naye katika filamu kuliko wale wa riwayani.

Kuna mfano mwingine unaohusu kuamua kisa ni cha nani, nao ni mfupi. Psycho ya Robert Bloch, ya mwaka 1959, inaanza na Norman Bates: mwanamume wa makamo, mnene, mlevi, anayeishi na kivuli cha mama yake. Mwanamke anayekuja kuuawa katika hoteli yake anaingia baadaye, na msomaji hapati muda wa kumchukulia kuwa ndiye mhusika mkuu. Alfred Hitchcock, katika filamu ya mwaka 1960, alianza na mwanamke huyo, akatufanya tuhangaike na fedha alizoiba, tukamfuata barabarani, tukaamini kwa kanuni zote za mabanda yetu kwamba yeye ndiye staringi, na staringi hafi. Halafu anauawa kabla filamu haijafika nusu. Norman naye akapewa sura ya Anthony Perkins, kijana mwembamba, mwenye haya, ambaye mtazamaji anataka kumhurumia. Matukio ni yaleyale ya Bloch. Kilichobadilika ni nani tunamwona kwanza, na badiliko hilo ndilo lililoifanya filamu iogopeshe zaidi ya kitabu.

Kuhusu The Shawshank Redemption nina msimamo wa nusu kwa nusu. Novela ya Stephen King, iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1982, ni kazi nzuri, si kitabu cha wastani kama nilivyosema juu ya vingine. Frank Darabont, katika filamu ya mwaka 1994, alifanya jambo la busara alipowaunganisha wakuu kadhaa wa gereza, wanaopita na kupokezana katika novela, akawafanya mtu mmoja, ili dhuluma iwe na uso. Akamkuza mzee Brooks, mkutubi wa gereza anayeachiwa huru uzeeni na kushindwa kuishi nje, kutoka mhusika anayetajwa kwa kupita hadi mtu ambaye kifo chake kinatawala nusu ya pili ya filamu. Akaongeza onyesho la muziki wa Mozart ukitoka kwenye vipaza sauti vya gereza, ambalo King hakuliandika. Hizo ni faida tupu. Ila King alimalizia pale Red, mfungwa anayesimulia kisa, anapoanza safari ya kumfuata rafiki yake akiwa na matumaini, bila kutuambia kama alifika. Darabont mwenyewe alikusudia kuishia ndani ya basi, watayarishaji wakataka marafiki wale waonekane wakikutana ufukweni, na ndivyo ilivyokuwa. Watazamaji wengi wanaupenda ufukwe ule. Mimi ningeliacha basi liende zake.

Sasa niingie katika picha la Kihindi, ambalo kwa kizazi cha wazazi wetu huku kusini ndilo lililokuwa sinema yenyewe. Devdas, novela ya Sarat Chandra Chattopadhyay iliyochapishwa mwaka 1917, imegeuzwa kuwa filamu mara nyingi, na wengi wetu tunaijua ile ya Sanjay Leela Bhansali ya mwaka 2002, yenye Shah Rukh Khan, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit. Katika kitabu, Paro na Chandramukhi, wanawake wawili wanaompenda mlevi yuleyule, hawakutani kabisa. Bhansali amewakutanisha na kuwachezesha pamoja, katika wimbo ambao bado unapigwa kwenye kumbi za harusi. Ni onyesho la kupendeza mno, na nadhani linaharibu kisa, kwa sababu upweke wa kila mmoja wao ndio uliokuwa uchungu wenyewe. Linganisha na filamu ya Bimal Roy ya mwaka 1955, ambamo Dilip Kumar ndiye Devdas. Humo wanawake hao wanapishana njiani, mmoja akiwa amebebwa, mwingine akitembea kwa miguu, wanatazamana, wanapita. Hawajuani na hawasemi neno. Huo nao ni uzushi, haumo kitabuni, lakini umeongezwa na mtu aliyekielewa kitabu. Kwa hiyo anayedhani kwamba suala ni uaminifu kwa matini azitazame filamu hizi mbili: zote zimeongeza jambo lilelile, moja imepata na nyingine imekosa.

3 Idiots ya Rajkumar Hirani, ya mwaka 2009, ni ushindi usio na shaka. Chimbuko lake ni Five Point Someone, riwaya ya Chetan Bhagat ya mwaka 2004 kuhusu wanafunzi watatu wa chuo cha uhandisi mjini Delhi. Riwaya hiyo inasomeka haraka na ina mzaha mwingi, na inasahaulika haraka vilevile. Msimulizi wake, Hari, ndiye anayempenda binti wa profesa, na kisa kinakwenda mwaka hadi mwaka kama shajara. Filamu inachukua chuo, urafiki, profesa mkali, msiba wa mwanawe na wizi wa mtihani, kisha inaweka swali moja juu ya vyote: Rancho yuko wapi? Rafiki aliyekuwa na akili kuliko wote ametoweka siku ya mahafali, na wenzake wanasafiri kumtafuta mpaka Ladakh. Swali hilo halimo kwa Bhagat, na bila hilo kungekuwa na vichekesho vya chuoni tu. Bhagat alilalamika kwamba jina lake liliwekwa mwishoni mwa filamu ambako hakuna anayesoma, na katika hilo ninamwonea huruma. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawajawahi kusikia kwamba kuna kitabu, wanaweza kulieleza kwa kirefu lile onyesho ambamo Rancho anaulizwa maana ya mashine, anajibu kwa maneno ya kawaida yanayoeleweka, na anatolewa nje kwa kutokariri maneno ya kitabu. Sishangai kwa nini linawagusa.

Slumdog Millionaire ya Danny Boyle, ya mwaka 2008, iliyopata tuzo 8 za Oscar, ningeiweka katikati. Riwaya ya Vikas Swarup, ya mwaka 2005, inafuata mpangilio wa maswali ya shindano la televisheni ambalo kijana maskini anashiriki, kwa hiyo maisha yake yanasimuliwa kwa kurukaruka, leo mkubwa, kesho mtoto. Filamu imeyapanga maswali ili yafuatane na umri wake, na imemweka inspekta wa polisi kuwa msikilizaji anayeanza kwa kumtesa kijana na kuishia kumwamini. Mtiririko umekuwa mzuri zaidi, ingawa umenyooka mno kiasi cha kutoaminika. Kilichopotea ni jina. Katika riwaya kijana anaitwa Ram Mohammad Thomas, la Kihindu, la Kiislamu na la Kikristo kwa pamoja, kwa sababu hakuna aliyejua wazazi wake ni wa dini gani. Kwa msomaji wa Mtwara, ambako ukoo mmoja unaweza kuwa na shehe na katekista wakala pilau moja siku ya Idi, jina hilo lilikuwa na uzito ambao Jamal Malik wa filamu hana.

Waandishi wenyewe si waamuzi wa kuaminika katika mambo haya. R. K. Narayan aliichukia filamu ya Guide ya mwaka 1965, iliyotokana na riwaya yake, akaiandikia makala ya kuikejeli, na huku India ikiipenda mpaka leo. Ninadhani Narayan alikuwa na haki, kwa kuwa kitabu chake kilikuwa kimekwisha kukatwa kila kisichohitajika, na filamu ikarudisha fahari na rangi alizoziepuka kwa makusudi. Kitabu cha namna hiyo hakina cha kuokolewa. Kwa kipimo hicho hicho, sitamani kuona mtu akiigeuza Kufikirika ya Shaaban Robert kuwa filamu, maana uhai wake wote uko katika namna sentensi zinavyosemwa, na kisa chenyewe ukikivua lugha ile kinabaki mifupa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye Vuta N’kuvute, ambayo kwetu walimu si suala la nadharia, kwa kuwa riwaya hiyo ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, tumeifundisha Kidato cha Tano na cha Sita. Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Wengine waliniuliza kama imekishinda kitabu. Haijakishinda, nami sidhani kwamba ilikusudia. Riwaya ina upana mkubwa: Yasmin anaozwa akiwa binti mdogo kwa Raza, mtu wa umri wa baba yake, anachukuliwa Mombasa, anatoroka, anafukuzwa na jamaa zake, anapokewa na Mwajuma kule Ng’ambo, Zanzibar, anajifunza taarabu na uhuru, na kumzunguka yeye kuna siasa za miaka ya 1950, vipeperushi, mapolisi wa kikoloni, wivu, vicheko na misiba. Upana huo ndio raha yake. Shafi anapenda watu wadogo wanaopita, na kila mmoja anampa sauti yake ya Kiunguja.

Filamu imechagua. Imelishika penzi la Yasmin na Denge, mwanaharakati wa uhuru, katika wakati wa mapambano dhidi ya Waingereza, na mengi mengine imeyaacha au imeyagusa kwa kidole kimoja. Mwanafunzi anayeitegemea kwa mtihani atafeli maswali ya wahusika, na nimelisema hilo waziwazi darasani. Lakini kuna eneo moja ambalo nadhani Shivji amempita Shafi, nalo ni ukimya. Katika riwaya, Denge ni mtu wa maneno. Anaeleza msimamo wake, anahutubia hata anapozungumza na mtu mmoja, na mara nyingine ninamsikia mwandishi nyuma yake. Katika filamu, Gudrun Columbus Mwanyika anamfanya Denge kuwa mtu mzito wa kusema, anayechoka, anayeogopa, na Ikhlas Gafur Vora anamfanya Yasmin ajifunze kwa kutazama. Siasa inaonekana kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe na kwenye miili ya watu waliofungwa, na hotuba inabaki kidogo tu. Wanafunzi wangu waliozoea filamu za haraka walilalamika kwamba inakwenda polepole. Waliokuwa wamekwisha kusoma riwaya hawakulalamika, kwa kuwa katika kila pengo la kimya walikuwa na cha kujazia kutoka kitabuni. Kwa hiyo ningesema kwamba filamu hiyo inahitaji kitabu zaidi ya kitabu kinavyoihitaji, nayo ni hali tofauti na ile ya The Godfather, ambayo mtu anaweza kuishi nayo maisha yote bila kumgusa Puzo.

Kama ningepewa nafasi ya kumshauri mwongozaji wa Kitanzania achague kitabu kinachoweza kushindwa kwa faida ya wote, nisingemwelekeza kwa Shafi wala kwa Shaaban Robert. Ningemwelekeza kwenye Watoto wa Mama N’tilie ya Emmanuel Mbogo, ambayo wanafunzi wetu wa sekondari za chini wameisoma kwa miaka mingi. Ina kila ninachokitafuta: mama anayeuza chakula jijini Dar es Salaam, mume mlevi, Mzee Lomolomo, watoto wawili, Peter na Zita, wanaofukuzwa shule kwa umaskini, na jalala ambako watoto wa mjini wanatafuta riziki. Ina pia haraka ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya darasa. Mambo yanatokea kwa kufuatana mno, dhamira zinasemwa kwa sauti ili mwanafunzi asizikose, na kisa kinapoingia katika dawa za kulevya tunaanza kumpoteza mama ambaye kitabu kina jina lake.

Mwongozaji huyo ningemwomba aipunguze sehemu ya dawa za kulevya mpaka ibaki habari inayosikika kwa mbali, na ambakize mama katikati. Aanze alfajiri, kwenye moto wa kuni na sufuria la kwanza, kabla wateja hawajafika na kabla mgambo hawajapita. Peter na Zita tuwaone kupitia kwa mama anayewahesabia chakula kilichobaki. Zaidi ya yote, ningemwomba asimruhusu mhusika yeyote kutueleza kwamba umaskini ni mbaya. Hilo la mwisho najua litamletea barua kutoka kwa walimu wenzangu, ambao watauliza sasa dhamira itafundishwaje.